Sorry, Wrong Number: redio au muvi, ipi kali zaidi?

Wadau, kuna ubishi umenikaa rohoni toka juzi. Tulikaa na washkaji kuangalia Sorry, Wrong Number ya 1948, ile aliyoiongoza Anatole Litvak, Barbara Stanwyck ndo yule mama mgonjwa yuko peke yake kitandani New York, anapiga simu laini zinaingiliana anasikia wanaume wawili wanapanga kumuua mwanamke saa tano na robo usiku, wasubiri treni ipite darajani ili mlio wake ufunike mayowe. Wote wakasema muvi kali. Mi nikasema mchezo wa redio wa 1943 unaiacha mbali, wakanikatalia katakata. (Kama hujaiona ishia hapa, mwisho nautaja.)

Hoja yao ni kwamba Lucille Fletcher ndo kaandika redio na ndo kaandika skripti ya muvi, sasa kazi yake mwenyewe kaiharibuje? Jamani, angalieni muda. Redioni ni nusu saa tu, muvi dakika 89, lazima pajazwe, ndo tunaletewa mume anaiba dawa kiwandani kwa baba mkwe, mara mpenzi wa zamani, kumbukumbu ndani ya kumbukumbu, mpaka unamsahau mama wa watu kule kitandani. Kila tukitoka nje ya kile chumba hofu inapoa.

Redioni hutoki. Sisi tuliokulia kwenye michezo ya RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) tunajua, sauti ya mlango tu ilitosha kukunyima usingizi. Unasikia anavyozungusha namba, krrr krrr, opereta anamjibu kwa sauti kavu, laini bize, anapiga tena. Agnes Moorehead, mwigizaji wa redioni, anaanza kama mama mwenye kiburi anayefokea watu, kidogokidogo sauti inapanda, pumzi zinakatika, mwisho anawapigia polisi na treni inapita inameza mayowe yake. Halafu askari aliyepokea anajibiwa na mwanaume: samahani, nimekosea namba. Basi. Aliyewakodi hatajwi jina, unajumlisha mwenyewe. Nilisikiliza taa nimezima, nikajikuta nimeng'ang'ania shuka.

Nakubali, muvi wamebadilisha mwisho na wamepatia. Anayepiga simu ni mume, Burt Lancaster, yuko kwenye kibanda cha simu anamsihi mkewe inuka, nenda dirishani upige kelele, na mama wa watu hawezi kuinuka, na kivuli kinapanda ngazi. Pale Stanwyck alistahili kabisa kuteuliwa kwenye Oscar.

Ila Moorehead mnamwekaje? Ye ndo aliyeubeba huu mchezo kwenye kipindi cha redio cha Suspense, akaurudia tena na tena, watu wanaijua sauti yake, ilipofika zamu ya kamera nafasi kapewa mwingine. Mnaniambia jina kubwa ndo linauza tiketi. Mi nasema wangempa, nusu ya zile kumbukumbu zisingehitajika, angetushika na simu tu mkononi.

Mnaobisha, kausikilizeni kwanza usiku, taa zimezimwa, halafu mje.