Wikiendi moja Uswisi tukitokea Ujerumani, tupite miji ipi ya milimani?

Msomaji_KA
Wakuu habari za muda huu. Niko Karlsruhe kimasomo, na wenzangu watatu tumepanga mwishoni mwa Juni twende Uswisi kuzunguka miji ya milimani, tunaondoka Ijumaa jioni tunarudi Jumapili usiku. Mpango wetu ni Jumamosi Luzern, Interlaken na Grindelwald, Jumapili asubuhi Lauterbrunnen halafu tumalizie Zermatt tuuone ule mlima Matterhorn. Mmoja anataka tukodi gari maana leseni anayo, mwingine anasema treni inatosha. Inawezekana kupita kote huko? Na mpakani kuna ishu ya viza? Bajeti ni ya kiwanafunzi ila wawili kati yetu wanamaliza chuo mwaka huu na hatujui lini tutakuwa pamoja tena, kwahiyo naomba ushauri wa kweli.

Bonde_kwa_Bonde
Mkuu karibu. Toeni Zermatt na Luzern, zote mbili. Zermatt ni bonde lingine kabisa, kutoka Interlaken treni ni zaidi ya saa mbili kwenda tu, mtafika mpige picha mgeuze, na Jumapili yenu yote imeishia kwenye siti. Mimi ningeshika bonde moja tu la Lauterbrunnen nilale hapohapo usiku wote.

Pale kijijini kuna maporomoko ya Staubbach, maji yanadondoka karibu mita 300 kutoka kwenye ukuta wa mwamba, yaani yanakatika hewani yanakuwa kama vumbi kabla hayajafika chini, na wakati wa kiangazi kuna njia iliyochongwa kwenye mwamba inayokupitisha nyuma ya maji. Mbele kidogo kuna Trümmelbach, hayo yako NDANI ya mlima, ni maji ya barafu za milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau, yanaweza kufika lita 20,000 kwa sekunde. Unasikia mwamba unanguruma kabla hujaona kitu, na ndani ni baridi na panalowa, bebeni jaketi hata kama nje jua linawaka.

Kisha pandeni Mürren, kebo (kile kibanda kinachoning'inia kwenye waya) hadi Grütschalp halafu katreni kadogo. Kijiji kiko mita 1,638, watalii hawafiki na magari, na ile milima mitatu inakukabili ng'ambo ya bonde. Hapo kaeni, msikimbie. Kama wawili wanaondoka, mtakachokumbuka ni yale masaa mliyokaa mkipiga stori.

Dereva_wa_Alps
Mimi natetea gari kidogo. Mkiwa wanne gharama mnagawana na mnaweza kulala mbali na hayo maeneo ya watalii ambako vitanda ni ghali. Ila mjue barabara kuu za Uswisi lazima ulipie vignette, yaani kibali cha kutumia barabara hizo, faranga 40, na ni ya mwaka mzima hata kama unakaa siku mbili tu. Muulizeni mwenye gari kama tayari ipo, na kama anaruhusu gari litoke nje ya Ujerumani.

Bonde_kwa_Bonde
@Dereva_wa_Alps sawa, lakini Mürren na Wengen (kijiji kingine cha juu) gari haliendi, mtaliacha Lauterbrunnen mkilipia parking na bado mtanunua tiketi za kupanda. Kwa mpango huu treni ndio yenyewe. Basel, mji wa mpakani, hadi Interlaken ni kama saa mbili, na toka hapo Lauterbrunnen ni dakika 20. Tafuteni tiketi ya siku inayoitwa Spartageskarte, ukiwahi kununua bei iko chini, na inafika mpaka Mürren na Wengen.

Dada_Mkaazi
Mdogo wangu, kuhusu mpaka: Uswisi iko Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, kibali cha ukaazi cha Ujerumani kinatosha kwa matembezi, ila kila mtu abebe pasipoti NA kadi ya kibali mkononi, picha kwenye simu haitoshi. Treni hukaguliwa pale Basel.

Pia zimeni data mkivuka. Uswisi haiko Umoja wa Ulaya kwahiyo laini nyingi hukata bei nyingine kabisa, soma mkataba wako kwanza, na ramani pakueni mapema. Chakula nunueni Jumamosi mchana, Jumapili maduka mengi yanafungwa isipokuwa ya stesheni. Maji msinunue, jazeni chupa kwenye bomba.

Msomaji_KA
Asanteni sana, nimewasomea wenzangu na Zermatt tumeitoa, gari pia. Swali la mwisho: Jungfraujoch tupande?

Bonde_kwa_Bonde
Ni stesheni ya treni iliyo juu kuliko zote Ulaya, mita 3,454, reli ilifika huko 1912, ni kazi kubwa na inastahili heshima. Lakini kwa bajeti yenu hapana, tiketi yake peke yake itameza hela ya vitu vingine vyote. Badala yake Jumapili asubuhi nendeni Wengen, pandeni kebo ya Männlichen, mtembee hadi Kleine Scheidegg, njia ni rahisi kama saa moja na nusu na Eiger iko mbele yenu muda wote. Vibao vya njano vinaonyesha muda wa kutembea bila kuhesabu mapumziko, ongezeni wenu. Kabla hamjalipa angalieni kamera za mtandaoni zinazoonyesha huko juu, na muwahi, mchana wa kiangazi mawingu na radi hujikusanya haraka.

Dada_Mkaazi
Na vitanda wekeni sasa hivi, Juni Lauterbrunnen inajaa.