Tupeane uzoefu: sevisi ya AC nyumbani, mnalipa ngapi na mnaona faida gani?

Mama Vitenge (Dar)

Wakuu, habari za jioni. Naanza na langu, nanyi mmwage yenu.

Nina AC moja tu, ya chumbani, BTU 12,000, niliifunga 2019 hapa Tabata. Kila Desemba joto likipanda nayo inaanza ukaidi wake. Inanguruma usiku kucha, chumba hakipoi, na bomba la shaba kule nje linashika barafu. Naita fundi, anafunga geji ya kupimia presha ya gesi, ananionyesha mshale uko chini: "Mama, gesi imeisha." Najaziwa, 80,000. Inapoa wiki mbili tatu, tunarudi kule kule. Miaka mitatu mfululizo!

Mwaka wa nne fundi wangu alikuwa safarini, nikaletewa kijana mwingine. Huyu hakuanza na geji. Alifungua kifuniko cha ndani akaniita nije nione. Nyuma ya filta, koili, yale mabomba membamba yanayopoza hewa, ilikuwa imevaa vumbi na nywele vilivyoshikana na unyevu, utadhani blanketi limelowa. Alipoosha kwa mashine ya presha yalitoka maji kama ya kufulia gunia la mkaa. Ndipo akapima gesi, akakuta imezidi. Akapunguza. Nikalipa 35,000.

Sasa mimi ni muuza vitenge, kila mia yangu najua inalala wapi. Wiki ile nilikuwa nasoma mita ya LUKU kwa sababu umeme ulikuwa unakwisha kiajabu. Saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, AC pamoja na friji: uniti 9.1. Baada ya kuosha, joto lile lile: 6.3. Uniti moja ni kama shilingi 356, kwa hiyo nilikuwa napoteza karibu elfu moja kila usiku. Ile 35,000 ilirudi ndani ya wiki tano. Ile 240,000 ya gesi nimemwachia Mungu.

Nyie mnaosha kila baada ya muda gani? Na mnajuaje kama fundi kaosha kweli?

Kibabu wa Ilala

Miaka sita sijaita fundi, AC inapuliza. Hizi sevisi ni ulaji wa mafundi tu.

Mama Vitenge (Dar)

Babu, inapuliza au inapoza? Feni pia inapuliza.

Baridi Fundi

Niwasalimu. Hii ndiyo kazi yangu, miaka 14 sasa, na nitasema hata yale ambayo wenzangu hawatapenda.

Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inatoka kwa kompresa, ile pampu inayoisukuma, inarudi kwa kompresa. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na mara nyingi ni kwenye zile nati za shaba zinazounganisha mabomba. Fundi anayekujazia bila kutafuta tundu, hata kwa povu la sabuni tu, ujue mtaonana tena.

Ila kilichompata Mama Vitenge ni kingine, na kinawadanganya hata mafundi wasio wezi. Koili ya ndani ikiziba, hewa ya chumba haipiti vya kutosha. Gesi inakosa joto la kunyonya, bomba linaganda, na geji inasoma chini. Gesi ikiwa pungufu kweli dalili ni zile zile: barafu, chumba hakipoi, mshale chini. Kwa hiyo ukipima mashine chafu, geji inakudanganya mchana kweupe. Unaongeza gesi mshale unapanda, mteja anafurahi. Siku mashine ikioshwa gesi inakuwa nyingi kupita kiasi, kompresa inasukuma mzigo usio wake. Na kompresa ikifa, bora ufikirie mashine mpya.

Utaratibu ni kuosha kwanza, kuwasha kama robo saa, halafu ndiyo kupima. Fundi akianza na geji kabla ya kufungua kifuniko, muulize kwa nini. Muulize pia mashine yako inatumia gesi gani, imeandikwa kwenye kibandiko cha kile kisanduku cha nje. R22 ya zamani upande wa presha ya chini husoma psi 65 au 70 hivi, R410A inapita 110. Nimeshakuta mtu kajaza moja juu ya nyingine.

Kuhusu bei: kwa 15,000 utapata filta kupigwa upepo na kitambaa kupitishwa juu. Kuosha kwenyewe kunachukua saa nzima au zaidi. Unafunga mfuko wa plastiki ukutani, unaosha koili, unaosha ile feni ndefu ya ndani iliyo kama roli, unazibua bomba la maji, unashuka kuosha cha nje. Na muwe macho na dawa kali, kuna wanaomwaga asidi ili povu litoke jingi mteja aone kazi. Inakula aluminiamu.

Nyali Breeze (Mombasa)

Asante fundi. Kwetu adui si vumbi, ni chumvi. Nyumba yetu inatazama bahari na kisanduku cha nje kilikuwa upande huo huo wa upepo. Nilikuwa nalipa 2,500 za Kenya kila miezi sita, wanaosha cha ndani vizuri, cha nje hawakigusi kwa sababu kiko juu na ngazi hawana. Mwaka wa nne zile sahani nyembamba za nyuma zikawa zinamomonyoka ukizigusa, kama biskuti. Kisha bomba likatoboka, gesi yote nje. Nikaambiwa kisanduku cha nje peke yake ni elfu thelathini na nane. Nikaongeza kidogo nikanunua nzima.

Hii mpya nimeihamishia upande wa nyuma wa nyumba, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kijana wangu anakimwagia maji baridi ya mpira, maji matupu, umeme ukiwa umezimwa. Hiyo haina gharama. Mwaka wa tatu huu, haijaota kutu.

Mpangaji Mchovu

Mimi swali langu ni la haki. Mwenye nyumba anasema sevisi ni ya mpangaji kwa sababu mimi ndiye ninayepata baridi. Sawa, nikalipa. Bomba la kutolea maji likaziba kwa utelezi, maji yakarudi ndani, jipsamu ya dari ya chini ikavimba. Sasa anataka nilipie na dari. Bomba lenyewe walilipitisha likipanda juu kabla ya kushuka, maji yapande mlima?

Baridi Fundi

Hapo pole. Bomba la maji lazima literemke mwanzo mwisho. Hilo ni kosa la aliyefunga, piga picha uziweke.

Bint Seeb (Muscat)

Assalaam alaykum. Mie niko Oman, huku AC si anasa, ni kama maji. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba hazizimwi, na kukipita tufani la vumbi filta inageuka zulia siku moja. Nyumba yetu ina tano. Mwezi wa tatu, kabla ya joto kuingia, anakuja fundi kuosha zote, rial 7 kila moja. Filta tunaosha wenyewe kila wiki mbili, maji ya bomba na sabuni kidogo, zikauke kivulini. Bibi yangu ametega ndoo chini ya bomba la maji, anamwagilia mrehani wake. Siku ndoo ikiwa tupu na AC inawaka, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele kuwa kuna kitu kimeziba. Geji ya bibi haijawahi kukosea.

Kibabu wa Ilala

Haya, nimefungua kifuniko. Nimekuta mjusi kafiri amekauka juu ya filta, na kitu kingine ambacho sitakisema. Fundi, uko maeneo gani?

Baridi Fundi

Babu, shukuru yuko kwenye filta. Nimeshakuta mjusi kama huyo kajilaza juu ya bodi ya umeme ya kisanduku cha nje, ikaungua, mteja akatoa 180,000. Nimekutumia ujumbe.

Dada Tanga

Yangu ikiwashwa inatoa harufu ya soksi dakika tano za kwanza, halafu inaisha. Hiyo nayo ni gesi?

Baridi Fundi

Hapana dada, gesi haina harufu hiyo. Ni ukungu kwenye koili iliyobaki na maji. Ioshwe, halafu uwe na tabia ya kuiweka kwenye feni tupu dakika 20 kabla ya kuizima, ikauke. Na mtu akikwambia gesi, unajua la kumuuliza.

Mama Vitenge (Dar)

Kwanza afungue kifuniko.