Kukokota chambo kwenye maziwa makubwa: daunriga, sahani ya kuzama au mshipi wa risasi?

Kasia
Wakuu salaam. Naandaa boti ya faiba ya mita 6 kwa kukokota chambo kwenye ziwa kubwa, maji ya wazi. Mashine ni HP 90. Mara nyingi tutakuwa wawili tu, na samaki tunaowalenga hushinda kati ya mita 15 na 30. Kufikisha chambo huko naona njia tatu: daunriga, yaani lile chubwi kubwa linaloshushwa kwa winchi, sahani ya kuzama, yaani ile inayofungwa kwenye mshipi na kuuzamisha boti inapotembea, na mshipi wenye kiini cha risasi. Mfuko hauruhusu vyote kwa mpigo. Mngeanza na kipi, na boti ningeipangaje?

Chubwi
Daunriga, wala usizunguke. Kati ya hizo tatu ni yenyewe tu inayokuacha upambane na samaki bila kuvuta uzito mwingine. Chubwi la kilo 4.5 au 5.4 linashuka kwa waya wake, na mshipi wako umeshikwa tu na kibanio. Samaki akigonga, kibanio kinaachia na mshipi unabaki huru. Utaona fimbo iliyokuwa imepinda inanyooka ghafla, kisha inainama tena. Katikati ya hayo mawili ndipo wageni wengi wanapowapoteza: zungusha rili haraka mpaka ulegevu uishe, ndipo uinue fimbo.

Tangu salmoni wa koho walipopandikizwa Ziwa Michigan, Marekani, mwaka 1966, wavuvi wa Maziwa Makuu ya kule wamefanya daunriga kuwa kifaa cha kila siku. Samaki anayefuata maji ya baridi kilindini humpati kwa kubahatisha kina.

Mzee wa Joshi
Nakubali nusu, ndugu Chubwi. Kaunta ya daunriga inahesabu waya uliotoka, haipimi kina. Boti ikitembea waya hulala nyuma. Mita 30 za waya zikilala nyuzi 30 kutoka wima, chubwi liko kwenye mita 26 hivi. Bora kosa la upande huo, kwa sababu samaki hupanda kufuata chambo kwa wepesi kuliko anavyoshuka, lakini ujue tu unachokifanya.

Na kuna hatari watu hawaisemi. Chubwi likinasa mwambani huku boti inasukumwa na upepo, waya unageuka nanga ya tezini, na wimbi linalofuata linaingia ndani. Kaza breki ya winchi kiasi tu cha kubeba chubwi, ili likinasa waya utoke wenyewe. Koleo la kukatia waya lifungwe kwa kamba pale pale kwenye winchi. Ukilitia kwenye sanduku la zana ni sawa na kutokuwa nalo.

Rili
Mnamtwisha mtu mzigo wa winchi, vitako na mashimo ya kutoboa boti, wakati sahani ya kuzama inaingia mfukoni. Ina uzito upande mmoja na bamba la kurekebisha chini. Ukiliweka sifuri sahani inashuka moja kwa moja nyuma ya boti, bila kwenda pembeni. Kadiri unavyopandisha namba, inakwenda pembeni zaidi na kina kinapungua. Hapo umepata kina na upana kwa kifaa kimoja. Kadiria mita 2 hadi 3 za mshipi kwa kila mita ya kina, na utumie rili yenye kaunta, la sivyo hutarudia kina kilichokupa samaki.

Mshipi uwe wa kusuka. Nailoni inavutika mno. Ukiwa na mita 60 nje, hata kuifyatua sahani, yaani kuifanya ilale isivute maji, ili uipandishe ni kazi. Ila wa kusuka hauna huruma mgongano unapotokea, kwa hiyo legeza breki ya rili na uweke kipande cha mpira kati ya sahani na kiongozi, yaani kipande cha mshipi kinachokwenda kwenye chambo. Kwenye daunriga mambo ni kinyume, nailoni inafaa zaidi.

Ubaya wake nausema: samaki mdogo anaweza kukosa nguvu ya kuifyatua, ukamburuta muda mrefu bila kujua. Ncha ya fimbo ikitetemeka tofauti na zamani, vuta uangalie.

Chubwi
Na mkono unachoka. Sahani kubwa inavuta vibaya.

Rili
Ndiyo maana ya vishikio vya fimbo vya chuma, mkuu. Plastiki itavunjika.

Mkondo
Mshipi wa risasi mmeuruka, na kwa kina cha Kasia mmefanya sawa. Rangi yake hubadilika kila yadi 10, kama mita 9, na kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa kila rangi inakupa mita 1.5 hivi. Kufika mita 15 unahitaji rangi kumi majini. Kufika 25 ni mshipi usiokwisha, na ukikata kona kali unajisukia wavu. Uwe nao kwa siku samaki wamepanda juu. Hapo ni mtamu, hauna kelele.

Lakini ndugu zangu, mnabishana kuhusu kina wakati mwendo ndio unaoamua. Samaki wa aina ya trauti wa ziwani wanapenda polepole, kilomita 2.5 hadi 3 kwa saa. Salmoni watakubali hata 4 na zaidi. GPS inakuambia mwendo juu ya ardhi. Chini kuna mkondo wake, na unaweza kwenda kinyume na ule wa juu. Ukielekea kaskazini kwa 3.5 na kurudi kusini kwa 3.5, chambo kimekwenda kwa miendo miwili tofauti, na utashangaa kwa nini samaki wanauma upande mmoja tu. Tazama waya wa daunriga: ukilala zaidi kuliko kawaida, chini unakwenda mbio. Rekebisha mashine mpaka waya urudi kwenye pembe ile ile, achana na namba za kioo.

Pia usiende mstari mnyoofu. Pinda taratibu, kushoto, kulia. Chambo cha ndani ya kona kinapunguza mwendo, kijiko (chambo cha bati) kinazama kidogo. Cha nje kinaongeza mwendo na kupanda. Fimbo iliyopigwa itakuambia samaki wanataka nini.

Tezini
Kuhusu boti. HP 90 haitaki kwenda kilomita 3 kwa saa siku nzima. Weka mashine ndogo ya HP 8 au 10 pembeni, au punguza mwendo kwa kufunga mifuko ya kukokota maji kila upande wa omo. Kamba zake ziwe fupi kiasi kwamba haziwezi kufika kwenye propela hata zikilegea.

Mpangilio: daunriga pembe za tezi, sahani zifuate ubavuni mbele yake, mbao za pembeni (zile zinazoelea na kupeleka mshipi mbali na ubavu) kama unazo ziwe za nje kabisa. Vya kina zaidi viwe karibu na boti, vya juujuu viwe mbali. Samaki wa fimbo ya nje anarudi nyuma akipita juu ya vingine, hakuna kusukana. Watu wawili, fimbo nne zinatosha. Sita ni za kupiga picha.

Kwenye sona, kile kifaa cha kuona chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, ongeza usikivu uone mstari hafifu unaokatiza maji: ndipo maji ya vuguvugu yanapokutana na ya baridi. Salmoni wa chinuki hupenda nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, kwa hiyo huko ndiko pa kuanzia. Kwenye maziwa ya tropiki angalia oksijeni pia. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 lakini maji ya chini hayana hewa kabisa, na sangara wa Ziwa Victoria hukwepa matabaka yaliyopungukiwa hewa. Kuteremsha chambo chini ya hapo ni kupoteza mafuta.

Kasia
Nashukuru wakuu. Nimeelekea daunriga moja na sahani mbili, fimbo tatu kwa kuanzia. Daunriga moja niiweke pembe gani?

Mzee wa Joshi
Ile ya mbali na mashine ndogo. Na chubwi lisipandishwe mpaka juu kabisa likiwa linabembea. Likipiga ubavu wa faiba mara moja, utajua.

Rili
Sahani zote mbili usiziweke namba moja. Moja 1, nyingine 3, mpaka samaki wachague.