Ukoo wa Bibi Zaituni: Bagamoyo Jumamosi

*Jumatatu*

07:02 Mama Nasra: Asalaam aleykum ukoo. Nakumbusha tena, Jumamosi ni Bagamoyo. Tamasha la chuo cha sanaa, TaSUBa. Geti linafunguliwa kwa kila mtu, wanafunzi wanapiga ngoma, maigizo, sarakasi, na vikundi vya nje vinakuja. Anayekwenda aandike jina:
1. Mama Nasra
2. Nasra
3.
4.

07:03 Mama Nasra: Msisome mkapita.

09:40 Seif: 3. Seif (kama kuna pilau)

09:41 Mudi: 4. Pilau

13:15 Mama Nasra: Kikundi kizima hiki, walioandika ni watatu na pilau. Jamani.

13:20 Baba Tatu: Kiingilio bei gani?

13:22 Mama Nasra: Nitauliza. Kiingilio siyo tatizo, tatizo usafiri. Tukodi kosta tukae pamoja. Michango itumwe kwangu, siyo kwa mtu mwingine.

13:22 Baba Tatu: Mtu mwingine ndiyo nani?

13:23 Mama Nasra: Nimesema siyo kwa mtu mwingine.

13:25 Baba Tatu: Sema tu ile safari ya Korogwe.

13:25 Seif: Yarabi. Korogwe imefufuka

13:27 Baba Tatu: Dizeli nilijaza mimi kwenda na kurudi. Risiti nilimpa marehemu Mjomba mkononi.

13:28 Mama Nasra: Marehemu hajibu, ndiyo maana unamtaja yeye.

13:29 Baba Tatu: _Ujumbe huu umefutwa_

13:29 Mudi: Nimewahi kuusoma 😂😂

13:30 Mama Nasra: Mudi nyamaza. Na zile kreti za soda hatujazisahau.

*Jumanne*

06:48 Mama Nasra: Tuyaache hayo. Nawaambia ukweli, safari hii ni ya Nasra. Kamaliza kidato cha nne, anataka kuomba pale. Nataka aone kwa macho kabla hatujajaza fomu. Wanatoa astashahada na stashahada, siyo mambo ya kigodoro.

10:12 Mama Aisha: Wifi samahani. Mtoto kapata matokeo mazuri vile, unampeleka akacheze ngoma?

10:14 Mama Nasra: Wifi, Hukwe Zawose alikuwa pale pale Bagamoyo. Kazunguka dunia na zeze na ilimba. Na tamasha lenyewe lipo tangu 1982, wewe hujaolewa huku.

10:16 Seif: Zawose alikuwa na kipaji. Nasra anaimba bafuni

10:31 Nasra: Kaka Seif nimekuona. Mama Aisha shikamoo. Siyo ngoma tu, kuna uigizaji, kuna mambo ya taa na sauti, kuna kutengeneza jukwaa. Mimi nataka taa.

10:33 Mama Aisha: Marahaba mwanangu. Taa si uende VETA?

10:33 Mudi: Hapo wifi kapiga penalti

10:35 Seif: Kipa kalala upande wa pili

11:02 Mama Nasra: Nauliza kosta mnaongea mpira.

16:20 Shangazi Mwasiti: 🎤 _Ujumbe wa sauti 2:14_

16:41 Mudi: Shikamoo shangazi. Niko kwenye daladala, kelele tupu. Aliyesikiliza atuandikie

17:05 Nasra: Naandika alivyosema Bibi Mwasiti:

"Nimewasikia wote. Chuo kile kinaanza 1981 mimi nilikuwa msichana. Nacheza mdundiko mpaka Magomeni wananijua. Nikaenda kujaribiwa, nikaitwa. Baba akasema yeye hakuzaa mcheza ngoma. Barua akapewa kaka yangu aiweke mpaka baba apoe. Baba hakupoa, na barua sikuiona tena. Kaka yangu yumo humu, anasoma. Ukumbi wao ulipoungua 2002 nililia, mkasema presha, mkaniletea dawa. Nimezinywa. Sasa huyo mtoto apelekwe. Na mimi nakwenda, nitakaa mbele. Sitaki kuulizwa kama naweza kukaa kwenye gari."

17:06 Nasra: Mwisho amekohoa, halafu kasema Mama Aisha asinune.

17:06 Seif: _Ujumbe huu umefutwa_

19:50 Mama Nasra: Shikamoo shangazi.

19:58 Mama Aisha: Shikamoo shangazi. Sijanuna.

21:33 Baba Tatu: Shikamoo shangazi. Hili la barua mimi sikulijua.

*Jumatano*

05:37 Baba Mkubwa Hamza: Mwasiti nitakupigia baada ya swala.

05:39 Shangazi Mwasiti: simu nitaizima

05:52 Baba Mkubwa Hamza: Basi nitakuja.

07:10 Mama Nasra: Baba Mkubwa shikamoo. Nakuandika namba 5?

07:44 Mudi: Mama Nasra muda mwingine usome hali ya hewa

07:45 Mama Nasra: Hali ya hewa hailipi kosta. Orodha:
1. Mama Nasra
2. Nasra
3. Seif
4. Pilau
5. Shangazi (kiti cha mbele)
6. Mama Aisha + Aisha (mvua ikinyesha hawaji)

07:50 Seif: Watu wachache hivyo kosta ya nini? Tupande za Makumbusho. Bagamoyo kilomita kama 70 tu, siyo Mwanza

07:51 Mama Nasra: Shangazi asimame mpaka Bunju? Utampisha wewe?

07:53 Seif: Nitampisha mpaka Zinga

08:30 Baba Tatu: Kuna jamaa yangu ana Noah. Mafuta juu yetu, yeye hataki kitu kingine. Shangazi atakaa mbele vizuri, mguu anaunyoosha.

08:31 Mama Nasra: Jamaa yako yupi? Yule wa Korogwe?

08:40 Baba Tatu: Ndiyo huyo huyo. Unataka gari au unataka kesi?

09:15 Nasra: Mama, ratiba wametoa. Maigizo ya wanafunzi ni jioni, tukitoka mchana tunawahi. Ila kurudi itakuwa usiku.

09:16 Mama Aisha: Usiku?

12:02 Mama Nasra: Baba Mkubwa ameshafika kwa shangazi? Aliye karibu na Kigogo apite.

14:27 Mudi: Nimepita. Wamekaa barazani, hawaongei. Nimepewa chai nikaondoka

14:40 Baba Tatu: Mwenye Noah anauliza, ndiyo au hapana? Ana mteja wa Kibaha anamsubiri. Anataka jibu kabla ya saa kumi.