Flash imezimwa, CD za masomo bado tunazo: Ruffle, kivinjari cha zamani au tuanze upya?

MwalimuWaMaabara (Arua)
Habari zenu wakuu. Kwanza niweke wazi, maana nikitaja Flash kila mtu ananiuliza ni ya GB ngapi. Si flashi ya kuchomeka. Ni Adobe Flash, ile iliyokuwa ikichezesha katuni na michezo ndani ya kivinjari.

Shuleni tuna CD za baiolojia na fizikia za miaka ile. Moyo unadunda, ukibofya vali inafunguka, damu inaenda mapafuni ya bluu inarudi nyekundu. Watoto walikuwa wanagombania kipanya. Korona ikaja, shule zikafungwa Machi 2020. Tulipofungua kikamilifu Januari 2022 fundi alikuwa ameshaweka Chrome mpya, na pale palipokuwa na moyo pana kisanduku cha kijivu. Tangu hapo nachora ubaoni.

Kompyuta ni 18, zote Windows 10, na intaneti ni ya simu yangu. Mmoja ananiambia nitumie Ruffle, programu ya kuchezesha mafaili ya Flash, mwingine nirudishe kivinjari cha zamani, wa tatu anataka tutengeneze upya kwa HTML5, lugha ya kurasa za wavuti za siku hizi. Bei aliyonitajia huyo wa tatu inanunua kompyuta mbili. Nani amejaribu?

FundiWandegeya
Mwalimu, fundi wako hana kosa. Adobe walitangaza tangu Julai 2017 kwamba wataiacha. Huduma ikakoma 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 Flash Player yenyewe ikawa inakataa kucheza. Chrome 88 na Firefox 85 zikaing'oa kabisa mwezi huohuo. Hapa Uganda wengi hatukushtuka, kwa sababu kesho yake usiku intaneti ilizimwa nchi nzima, siku moja kabla ya uchaguzi. Iliporudi, nani angeuliza habari za Flash?

Ilikuwa na matundu ya usalama yasiyokwisha, unaziba hili linafunguka lile. iPhone haikuikubali hata siku moja, na HTML5 ikaja ikacheza video na katuni bila kuomba programu-jalizi.

Kabla hujachagua njia, fungua CD kama folda utazame majina ya mafaili. Ukikuta .exe, huenda ina kichezeshi chake ndani, na hiyo haihitaji kivinjari hata leo. Ukikuta .swf, yaani mafaili ya Flash yenyewe, zinazofunguliwa na ukurasa wa wavuti, hapo ndipo penye kazi.

MkongweWaMbale
Mnamzungusha bure. Mimi nina Firefox ya zamani pamoja na Flash ya zamani, toleo la kabla hawajaweka hiyo tarehe ya kujizima. Inafanya kazi vilevile. Kompyuta zake hazina intaneti, mdudu atapita wapi?

FundiWandegeya
Atapita kwenye flashi za wanafunzi, mzee wangu! Na hiyo Flash ya zamani ataitoa wapi? Adobe wameshaondoa mlango wa kupakua. Atakwenda kwenye tovuti za vichochoroni, arudi na Flash na wageni wengine watatu. Halafu siku moja mwalimu mwenzake atawasha hotspot, afungue barua pepe na kivinjari hichohicho.

DadaWaBusia
Mimi natumia Ruffle kwa michezo ya hesabu ya darasa la nne. Ni programu huria inayoiga Flash, kwa hiyo huhitaji kitu chochote cha Adobe. Zinazokufaa ni aina mbili: kiendelezi cha kivinjari, na programu ya kujitegemea ya kompyuta. Kwako chukua ya pili. Pakua mara moja kwa bando lako, nakili kwenye zote 18, kisha buruta faili la .swf uliachie juu yake. Ukitaka kiendelezi, kumbuka kwenye Chrome kukiruhusu kufikia mafaili ya ndani ya kompyuta. Mimi hilo lilinilaza macho usiku mzima.

Angalia pia mwaka wa CD. ActionScript 3, lugha ya kuandikia vitendo ndani ya Flash, ilikuja na Flash Player 9 mwaka 2006. CD ya kabla ya hapo haina lugha hiyo, na zile za zamani Ruffle inaziweza vizuri sana. Za baadaye nyingine zinakubali, nyingine zinagoma katikati.

AfandeMstaafu
Kwa fizikia mbona unahangaika na CD? Kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Nao walikuwa na majaribio ya Flash na Java, wameandika mengi upya kwa HTML5. Ni ya bure, unapakua faili unalifungua bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Jaribio la saketi za umeme linaipita CD yoyote niliyowahi kuona.

MwalimuWaMaabara (Arua)
Asanteni sana. Nimeshinda maabara jana mpaka umeme ulipokatika saa kumi na moja.

CD ya baiolojia ni ya 2003. Ruffle imeifungua, moyo unadunda! Sauti inachelewa kidogo nyuma ya picha, lakini vali zinabofyeka zote. Ya fizikia ni ya 2009: picha zinatokea, ukifika kwenye maswali kitufe cha jibu hakisikii. Hiyo nimeiacha, nimepakua saketi za Afande badala yake. Mzee wa Mbale, samahani, kivinjari chako sikukigusa.

CD ya tatu ni ya kemia. Nimeipata kabatini ina mkwaruzo kama imepitiwa na bodaboda, na kompyuta inaisoma nusu tu. Kuna mtu ana dawa ya mkwaruzo zaidi ya dawa ya meno?