Wauza trakiboli mnaokata nyaya mbili na kubandika kichwa cha USB, mnatuibia

Wakuu, habari za usiku. Nimekaa siku tatu nikisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika nayo hivyohivyo. Mods, naombeni uzi huu msiuunganishe na ule wa pedi mbovu za gemu. Huu ni wizi mwingine kabisa.

Nina kibanda cha gemu Mbagala, huu mwaka wa sita. Mwenye biashara hii anajua kinachotula ni pedi. Kijiti cha analogi kinaanza kuvuta upande chenyewe, mchezaji anapiga kelele kwamba kaonewa, unanunua nyingine, baada ya miezi michache unanunua tena. Nikaamua kutengeneza meza ya gemu za zamani: kompyuta ya mtumba chini, MAME ndani yake (programu ya kuchezesha gemu za mashine za zamani), vitufe vikubwa vya kugonga, na katikati trakiboli, yaani ule mpira unaokaa kwenye shimo la meza ukauviringisha kwa kiganja. Hauna kijiti cha kuvunjika. Na gemu zake vijana walishazipenda. Nilikuwa nimewawekea Missile Command wakaicheza kwa mausi, ile ya Atari ya 1980, unalinda miji sita ukiwa na vituo vitatu vya makombora, kila kituo na kitufe chake. Kwa mausi inachezeka, lakini haikuumbwa kwa mausi. Kwa mpira unapiga kofi moja, alama ya kulengea inaruka hadi kona ya pili, unaukamata mpira kwa vidole kabla haujapitiliza. Centipede ya 1981 vilevile. Niliwaahidi meza itakuwa tayari likizo ya Juni.

Nikampata muuzaji mtandaoni, duka lake liko Kariakoo. Tangazo lilisema: "Trakiboli orijino, inchi 3, USB, chomeka ucheze." Nikampigia. Nikamuuliza kama ana uhakika ni USB. "Kaka, unachomeka tu, inasoma kama mausi." Nikauliza ukubwa, akasema inchi tatu kamili. Laki mbili na elfu themanini. Nilituma hela siku hiyohiyo, na kwa kuwa nililiamini neno lake nikaanza kukata ubao. MDF ya milimita 18, shimo la mpira wa inchi 3, nikapiga msasa ukingo mzima, nikapaka rangi nyeusi mikono mitatu.

Boksi likafika. Nikachomeka. Kompyuta ikasema kifaa hakitambuliki. Nikahamishia tundu jingine, jibu lilelile. Nikampigia, akasema tatizo ni kompyuta yangu haina draiva, akanitumia faili la draiva la mausi ya aina nyingine kabisa. Nikaliweka. Hakuna kitu. Nikampigia tena, akaniambia: "Hii ni teknolojia mpya kaka, ndiyo maana inasumbua." Teknolojia mpya! Trakiboli aliibuni Mwingereza Ralph Benjamin mwaka 1946 kwa ajili ya rada za jeshi la majini. Babu yangu alikuwa hajaoa. Baada ya hapo hakupokea simu yangu tena.

Sasa someni kwa makini nilichokikuta nilipofungua kifuniko cha chini.

Ndani mpira unalala juu ya rola mbili ndefu, moja imewekwa kwenda kushoto na kulia, nyingine mbele na nyuma, na kibao kidogo chenye beringi kinautegemeza upande wa tatu. Mwisho wa kila rola kuna gurudumu jembamba lenye matundu, linalozunguka katikati ya bodi ndogo ya sensa. Upande mmoja wa gurudumu kuna taa ya infraredi, upande wa pili kuna macho mawili. Narudia, macho mawili, na kila jicho lina waya wake. Rola mbili, macho manne, nyaya nne za habari. Ongeza waya wa volti 5 na waya wa ardhi, unapata sita. Ndivyo trakiboli nyingi za mashine za gemu zilivyo, na ndiyo maana huwa zinakuja na kiunganishi cha pini sita.

Huyu bwana, au aliyemuuzia yeye, alikikata kile kiunganishi. Akachukua waya wa USB, ambao ndani una nyaya nne. Nyekundu akaiunga kwenye volti 5, nyeusi kwenye ardhi, mpaka hapo sawa. Nyeupe akaipeleka kwenye jicho moja la rola ya kwanza, ya kijani kwenye jicho moja la rola ya pili. Zikabaki mbili, ya zambarau na ya bluu. Hizo alizikata karibu kabisa na bodi, akazikunja ncha, akazungushia tepu nyeusi, akamwagia gundi ya moto juu ya tepu. Nimeibandua ile gundi kwa ncha ya kisu nikiwa natetemeka. Mtu alikaa chini akahesabu: USB inataka nne, hizi ziko sita, mbili zimezidi. Akakata. Halafu akaandika "chomeka ucheze".

Hazijazidi! Macho yale mawili yamepishana kidogo makusudi. Tundu la gurudumu likipita, jicho la kwanza linaona mwanga, kisha la pili. Mpira ukigeuka, la pili linatangulia. Kutokana na lipi limetangulia ndipo mashine inajua umeviringisha kushoto au kulia. Ukikata waya wa jicho moja, mashine itahesabu kwamba mpira umesogea lakini haitajua umeelekea wapi. Na hata angeziacha zote, bado isingefanya kazi, kwa sababu USB si suala la kuunganisha nyaya. Lazima katikati kuwe na chipu inayosoma yale macho, inayojitambulisha kwa kompyuta kwamba mimi ni mausi, na kutuma mwendo kwa lugha ya USB. Humo ndani hakukuwa na chipu hata ya dawa. Kulikuwa na ishara ya volti 5 inayopelekwa moja kwa moja kwenye nyaya za data ambazo zimezoea volti 3.3. Tundu la mbele la kompyuta yangu halisomi kitu hadi leo.

Nilimpata kwa namba ya rafiki. Jibu lake: "Bidhaa ikishafunguliwa skrubu hairudi." Ningejuaje umekata nyaya bila kufungua skrubu?

Na bado. Nilipoiweka kwenye shimo nililolikata, mpira ukakaa katikati kama yai kwenye bakuli. Nikaupima: milimita 57. Hiyo ni inchi mbili na robo, ukubwa wa mpira wa pool table. Inchi 3 ni milimita 76. Pengo la karibu sentimita nzima kila upande, kidole cha mtoto kinaingia na kubanwa. Trakiboli ya inchi mbili na robo si mbaya hata kidogo, ukiambiwa ukweli unaichukua na unakata shimo lake. Mimi nilikata la inchi 3 kwa sababu nilimuuliza na akanijibu. Ubao ule nimeutupa.

Najua kuna watakaokuja kusema "ulitegemea nini kwa bei hiyo". Laki mbili na themanini kwangu si bei ya kutupa, ni kodi ya kibanda. Na sikulalamikia ubora. Nalalamikia mtu kuandika kitu ambacho hakipo.

Nilivyoiokoa ni hivi. Nililehemu nyaya mpya kwenye visiki vilivyobaki. Nikaenda kununua bodi ya Arduino, yaani bodi ndogo unayoiwekea programu yako, yenye chipu ya ATmega32U4, kwa sababu hiyo inaweza kujifanya mausi yenyewe. Duka la kwanza wakanipa Arduino aina ya Uno, "ni ileile". Si ileile: Uno zile za bei nafuu zina chipu ya CH340 upande wa USB, kompyuta inaiona kama mlango wa kupitishia data tu (serial port), haiwezi kuwa mausi. Angalau hawa nilipowaonyesha maandishi juu ya chipu walinibadilishia bila ugomvi, wakanipa Pro Micro, yenye ile 32U4. Nawashukuru.

Kisha nikajaribu kila jicho kwa mita ya umeme. Unawasha umeme, unaviringisha mpira polepole kwa kidole kimoja, volti inatakiwa iruke kutoka karibu na sifuri hadi karibu na tano, irudi, iruke. Matatu yaliruka. La nne limelala pale pale. Nikageuza kamera ya mbele ya simu kuangalia ile taa ya infraredi, maana kwa macho haionekani: inawaka, doa la zambarau kwenye skrini. Kumbe jicho zima, ila lilijaa ile gundi ya moto. Nimelisafisha kwa spiriti na kijiti cha meno kwa dakika arobaini.

Halafu kuna programu ya kuweka kwenye Pro Micro niliyopewa na jamaa kwenye kundi, nayo nataka niilalamikie. Ilikuwa inasoma macho kwa kusubiri milisekunde 10 kila mzunguko. Polepole inakwenda vizuri. Ukipiga mpira kofi, alama inarudi nyuma! Vijana wanapiga kulia, inakwenda kushoto. Macho mawili yana hali nne tu zinazofuatana. Ukichelewa kusoma, hatua tatu mbele zinaonekana sawasawa na hatua moja nyuma. Kwa hiyo kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo inavyokudanganya. Dawa yake ni kutumia pini 0, 1, 2 na 3 za Pro Micro, zote nne zinaweza kuikatiza programu papo hapo jicho linapobadilika, usisubiri mzunguko. Baada ya hapo kilichobaki ni kubonyeza Tab ndani ya MAME na kurekebisha kasi kwenye vidhibiti vya analogi. Sasa mpira unapigwa na alama inakwenda unakotaka. Likizo ya Juni imeshapita.

Ninachodai kwa muuzaji: hela yangu, au trakiboli ya inchi 3 uliyoiuza, yenye nyaya zake sita. Namba yangu unayo. Na nyinyi wengine mnaoleta vitu hivi, andikeni kipenyo cha mpira kwa milimita, idadi ya nyaya, na kama bodi ya USB ipo ndani au haipo. Dakika mbili tu kuandika. Anayejua zina nyaya sita atanunua hivyohivyo na atajitafutia bodi yake.

Kama umeshanunua kwa tangazo lenye maneno kama hayo, usiichomeke kwanza. Fungua skrubu za chini, ufuate nyaya kutoka kwenye kila bodi ya sensa. Ukikuta zinaingia moja kwa moja kwenye waya wa USB bila kupita kwenye chipu yoyote, piga picha kabla hujagusa kitu, halafu weka picha hapa.