Keto imeingia Mbeya: tuache ugali kweli?

Mleta mada, Uyole
Wakuu, ofisini kwetu watu saba wameingia keto mwezi huu. Saa saba mchana wanafungua hotpoti: kitimoto, parachichi, mchicha unaoogelea kwenye mafuta. Mama wa kantini ananuna na sufuria lake la ugali.

Kwa wasioijua: ukishusha wanga mpaka gramu 50 hivi kwa siku, akiba ya sukari kwenye ini inaisha baada ya siku moja au mbili. Ini linaanza kugeuza mafuta kuwa ketoni, na mwili pamoja na ubongo vinaendeshwa na hizo. Hiyo ndiyo ketosisi. Sasa pimeni: unga wa sembe gramu 100 una wanga kama gramu 75. Ugali wa gramu 70 za unga tu, siku imekwisha, na maharage hujayagusa.

Kwamba watu wanapungua, sibishi. Ninachobishia ni kuuzwa kama dawa ya kila mtu.

Mchangiaji, Mwanjelwa
Mkuu, una wivu. Mimi wiki ya kwanza nimetoa kilo nne! Vitambi tunavyo kwa sababu ya sembe na soda, tusifichane.

Mleta mada
Hongera, ila sehemu kubwa ya hizo nne ni maji. Kila gramu ya akiba ile ya sukari hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ikiisha, unakojoa kutwa. Tuambie mwezi wa tatu. Soda niko na wewe.

Mchangiaji, Mafinga
Hapa pana hatari. Mama yangu mdogo ana kisukari, anatumia dawa ya kushusha sukari. Mtu mmoja akamuuzia ratiba ya keto kwa simu, hakumuuliza anameza nini. Akaacha ugali, dozi ikabaki ileile. Siku ya tatu tumemkuta jikoni anatetemeka, kanga imelowa jasho, anamwita binti yake kwa jina la dada yake. Chai yenye sukari nyingi ndiyo iliyomrudisha. Daktari alisema dozi ilitakiwa ipunguzwe kwanza.

Mchangiaji, Iringa mjini
Pole sana ndugu. Niongeze: lishe hii ilianzia hospitalini. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo watoto ambao dawa hazijawasaidia hupewa, wakiwa chini ya uangalizi. Mwenye kisukari aina ya kwanza akikosa insulini, ketoni hupanda hadi damu inakuwa na asidi. Hiyo si ketosisi ya kawaida, hiyo inaua.

Na watoto wenu msiwaingize kwenye mkumbo huu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, mkoa unaojaza maghala! Kwangu mimi kosa ni ugali mlima na mboga kijiko. Keto inafukuza hata maharage, ambayo ndiyo tungeyaongeza.

Mchangiaji, Mwanjelwa
Haya, dawa sinywi, mtoto simuingizi. Ila nisaidieni: Jumamosi nina msiba Tukuyu. Nitawaambiaje mashangazi kwamba ndizi sili?